Keni Niliyoisugua kwa Mchanga na Majivu

Ninyi vijana mtakaosoma karatasi hizi, kaeni vizuri kwanza na simu mziweke kando. Anayewaandikia ni mama aliyeishia darasa la nne. Ninaandika kama ninavyosema kwa sababu sijui namna nyingine. Mjukuu wangu ananisahihishia herufi, na nimemkataza kugusa maneno.

Aliyeniomba niandike ni kijana wa chuo cha ufundi hapa Makambako. Alikuja kuchomelea geti, akaona keni yangu ya maziwa imeinamishwa kichanjani, akaingiza mkono ndani akawa anapapasa. Nikamuuliza, "Unatafuta nini humo?" Akasema wamefundishwa kwamba huko kwenye nchi za viwanda, siku hizi watu wanachora juu ya chuma vijialama vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, ili wadudu wa maradhi wakose pa kujishikiza. Alinieleza taratibu kabisa, kama mtu anayemwelekeza kiziwi njia ya stesheni. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Haya, pitisha ukucha toka shingoni mpaka kitakoni. Sasa pitisha kwa kuzunguka. Umesikia tofauti?"

Akarudia mara mbili. "Bibi, nani alifanya hii kazi?"

"Hiyo mikono unayoiona."

Basi ndiyo maana ninaandika. Lakini msitegemee sifa. Ninataka kuwafundisha kazi, na ninataka kusema kosa langu moja ambalo sikulisema pale lilipotakiwa kusemwa.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, na viwanda vya umma, vya sabuni na vya vinywaji, vikafunga milango. Watu waliopunguzwa kazi walishuka Makambako kwa sababu barabara zinakutana hapa na treni inasimama. Kila mmoja alikuja na ujuzi wake ndani ya begi. Fundi Salumu alitoka Tanga. Kazi yake kiwandani ilikuwa kulainisha matangi kwa ndani, matangi ya vinywaji, na aliifanya miaka mingi. Walipomwambia asante kwaheri, alikuja huku na mkewe, sanduku la vifaa, na misasa aliyoiviringisha kwenye kanga kama mtoto mchanga. Akafungua gereji nyuma ya soko. Alianza na majiko na mageti kama wengine wote, baadaye akatengeneza keni za maziwa.

Mimi nilikuwa nauza chai na viazi pale nje. Sasa lazima niwaeleze jambo la kwetu, maana ninyi mmezaliwa mkakuta sufuria zina rangi za maua. Kwetu Ubena msichana alipimwa kwa sufuria. Mama mkwe akija, kabla hajaitikia salamu vizuri, jicho lilikuwa limeshafika kichanjani. Sufuria isipong'aa kwa nje mpaka ujione meno, ulikuwa umejiharibia. Tulisugua kwa mchanga wa mtoni na majivu, kwa gunzi la mahindi, ukizungusha mkono, ukizungusha mpaka bega linalia. Katika hilo nilikuwa hodari. Sijisifu. Kijiji kizima kilijua.

Siku moja Fundi akachukua sufuria yangu, akaigeuza juani.

"Mama Neema, hii anasugua nani?"

"Kwani nina mtumishi? Nasugua mwenyewe."

"Mkono unao," akasema. "Akili ya mkono ndiyo huna."

Ilibaki kidogo nimmwagie chai. Vijana wake wa kuchomelea wakacheka: "Fundi, chai umeikosa, utakunywa uji leo!" Yeye hakucheka. Akamwaga maji kidogo ndani, akaiinamisha, akanionyesha yalivyobaki kwenye mikwaruzo ya duara, duara juu ya duara. "Unaona? Maji yameshuka, haya yamebaki. Kwako wewe huu ni mkwaruzo. Kwa mdudu wa maziwa hili ni korongo. Analala chini, maji ya kuoshea yanapita juu yake kama gari linavyopita juu ya daraja. Ukinipa chai humu nakunywa. Ukinipa maziwa, hata paka simpi."

Wiki iliyofuata nilikuwa mfanyakazi wake. Mume wangu aliuliza, "Mwanamke gereji anafanya nini?" Nikamjibu, "Naosha vyombo." Hakuuliza tena, na kwa kweli sikumdanganya sana.

Sasa kazi yenyewe. Kijana wa geti, hapa ndipo usome mara mbili.

Keni ile tuliitengeneza kwa bati la stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Ikishachomelewa, ndani kunakuwa na mshono umevimba kama kovu. Unaupunguza kwa grenda, polepole, ukiikandamiza bati linaungua na kuwa la bluu. Kisha msasa namba themanini, kisha mia moja na ishirini, kisha mia mbili na arobaini, kisha mia nne. Usiruke. Ukiruka namba, mikwaruzo ya msasa mkubwa inabaki chini na msasa mdogo unaipaka mwanga tu. Jicho litadanganyika, mdudu hadanganyiki.

Na mkono hauzunguki. Hilo ndilo Fundi alinipigia kelele miezi mitatu. Mistari haiwezi kuisha yote, hata kiwandani kwao haikuisha. Basi inayobaki yote ilale upande mmoja, toka shingoni kwenda kitakoni, ili maji yakishuka yashuke na kila kitu. Mstari uliokatiza ni kizingiti. Miezi mitatu mkono wangu ulitaka kuzunguka, na miezi mitatu alinigonga vidole kwa kipande cha mpira. "Shusha! Shusha! Hausongi ugali hapo!"

Ya pili ni hii: brashi iliyogusa chuma cha kawaida isiguse stenlesi. Hili nililijua kwa aibu. Nilichukua brashi ya waya iliyosugulia geti, nikasugulia keni mbili. Baada ya wiki zikatoka vidoadoa vyekundu. Fundi akaziweka mbele ya wateja, akaniambia, "Mama Neema, watoto wako wana surua. Wapeleke kliniki." Nilianza upya toka namba themanini.

Ya tatu, kupima. Unapitisha ukucha, hasa kwenye mshono. Unapitisha pamba kavu, na pale nyuzi za pamba zitakaponasa, ndipo mdudu atanasa. Mwisho unatia maziwa kidogo, unatikisa, unaosha kwa maji ya moto na sabuni, unafunika mpaka kesho yake. Kesho unafunua na kunusa. Keni iliyokamilika hainuki kitu, ni kama kunusa kijiko. Ikinuka hata kidogo, hata ukajidanganya kuwa ni pua yako, inarudi kwenye msasa. Mwezi wa Ramadhani Fundi alinusa akiwa amefunga, na wale vijana wa kuchomelea walikuwa wakimwuliza, "Fundi, leo umeshakula keni ngapi?" Naye alikuwa akijibu, "Tatu, na ya nne imenishinda, aliitengeneza baba yako."

Tulikuwa tunacheka. Nataka mjue kwamba tulikuwa tunacheka, kwa sababu yanayofuata hayana kicheko.

Mahongole kulikuwa na kikundi cha akina mama wa maziwa. Walipewa mitamba ya mkopo. Mkopo wenyewe haukuwa wa hela: unatunza ng'ombe, akizaa ndama jike unampa mwenzako anayefuata kwenye orodha, na hapo ng'ombe anakuwa wako. Kabla ya hapo ng'ombe ni wa kikundi, yuko tu bandani kwako. Kila asubuhi maziwa yalipelekwa kituoni, yakachanganywa kwenye tangi moja, gari likaja kuyachukua kwenda Njombe. Na walikuwa na sheria waliyojitungia wenyewe: ukiharibu maziwa ya wenzako mara tatu, unatoka kikundini na ng'ombe anahamia kwa mwingine.

Mdogo wangu Enesi, mtoto wa mama mdogo, alikuwa kwenye kikundi hicho. Ng'ombe wake alimwita Faraja; alikuwa ameshazaa ndama dume na bado anakamuliwa, na mimba yake ya pili ilikuwa imeshaonekana. Mume wa Enesi alikuwa mtu wa Ipelele, huko Makete, alikuja Mahongole kutafuta maisha na hakuyapata sana. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile, aliyetazamwa na wote alikuwa Faraja. Enesi ndiye aliyewaleta wenzake kwetu. Aliwaambia, "Pale gereji yupo dada yangu, atatutengenezea vizuri." Wakaagiza keni kumi na mbili.

Katikati ya kazi Fundi akashikwa na kifua. Alikohoa mpaka mkewe akaogopa, wakafunga safari ya Ikonda hospitali, na njia ile wakati wa mvua mnaijua. Akiwa ameshapanda gari alinitolea kichwa dirishani.

"Mama Neema, usitoe keni ambayo hujainusa."

"Nenda ukatibiwe, Fundi."

"Nimesema. Hata aje nani."

Nilimaliza kumi na moja, nikazinusa zote. Ya kumi na mbili ilikuwa imefika msasa wa themanini, na misasa laini ikaisha. Nilizunguka soko zima. Kulikuwa na redio, kulikuwa na viatu vya mitumba, marashi, saa zinazolia kama jogoo. Msasa mia nne hakuna. Nikaagiza kwa dereva wa Mbeya, akarudi mikono mitupu, anasema alisahau.

Akina mama wakaja na Enesi mbele yao. "Dada, kesho kituo kinafunguliwa, kuna mgeni kutoka mkoani. Keni zinatakiwa zipangwe mbele yake. Tukikosa hata moja tutaonekana watu wa hovyo."

Nilitakiwa kusema neno moja: bado. Mgeni angeziona keni kumi na moja, na dunia ingeendelea. Badala yake nikamwambia Enesi, "Nipe mpaka jioni." Nikaenda mtoni kuchota mchanga. Nikachanganya na majivu, nikachukua gunzi, nikasugua kama mama yangu alivyonifundisha, nikizungusha. Mkono ulifurahi, niwaambie ukweli. Ulikuwa umefungwa kamba muda mrefu, sasa umefunguliwa. Ile keni iling'aa kuliko zote. Kunusa sikunusa. Kunusa kunataka siku nzima na mimi siku sikuwa nayo.

Wakati wa kugawa nikafikiri, hii nimpe nani? Wale wengine ni wageni, wakipata shida watakuja kupiga kelele gereji. Enesi ni ndugu, atanivumilia. Nikampa Enesi. Ndivyo tulivyo, mgeni anapewa kilicho kamili na ndugu anapewa kilichobaki. Tena wenzake wakamwonea wivu kwa jinsi inavyong'aa. "Eee, mwenye dada amependelewa!" Enesi akacheka, akaibeba kifuani.

Haikufika mwezi. Mpimaji wa kituo alikuwa akichota maziwa ya kila mtu kidogo na kuyachanganya na spiriti, yakiganda anayakataa. Asubuhi moja alichelewa kupima, maziwa ya Enesi yakamwagwa tangini pamoja na ya wengine, tangi zima likachacha kabla ya kufika Njombe. Likamwagwa. Alipopima yale aliyochota kwa kila mtu, ya Enesi ndiyo yaliyoganda. Hiyo ikawa mara ya kwanza. Ya pili ilifuata.

Enesi akaja kwangu. Nakumbuka alivyosimama, hakutaka kukaa. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Dada, naosha kwa maji ya moto. Nasugua kwa mchanga kila siku mpaka nachoka. Bado wanasema yamechacha. Hii keni haina tatizo?"

Alisema anasugua kwa mchanga. Nilijua maana yake: kila asubuhi anachimba korongo lile lile nililomwanzishia. Kila alivyozidi kuwa msafi ndivyo alivyozidi kuharibu. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu, ingekwisha pale pale. Ningeirudisha mezani na kumpa nyingine.

Nikamwambia, "Keni inang'aa hivyo, wewe huoni? Ongeza maji ya moto."

Akaondoka akiamini.

Mtaniuliza kwa nini. Nilijiambia ni kwa ajili ya Fundi. Yuko Ikonda kitandani, jina la gereji likiharibika atarudi kwenye nini? Nilijieleza hivyo vizuri sana. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mimi hodari wa kijiji kizima, nionekane nimetoa chombo kibovu? Niliona ni afadhali waseme mwingine ni mchafu.

Mara ya tatu wakaitisha kikao. Enesi akaniomba nije. "Wewe unajua vyombo, dada. Ukisema wewe watasikia." Nikaenda. Akina mama wamekaa kwenye majani nje ya kituo, wamejifunga mashuka kwa baridi. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke wa kanisani, mnyoofu, hakuwa na ubaya na mtu. Akauliza kama Enesi anaosha. Enesi akaonyesha mikono. Mwanamke mmoja akasema, "Mikono inaweza kuchubuka hata kwa jembe." Wakacheka wachache.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama wa gereji, tusimwonee mtu. Keni yake ina kasoro?"

Nilijibu hivi, na ninaiandika kama ilivyotoka: "Keni zote kumi na mbili zimetoka mkono mmoja."

Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Enesi aliniangalia, kisha akaangalia chini. Nadhani hapo ndipo hata yeye mwenyewe alipoamini kwamba ni mchafu.

Kesho yake asubuhi walikuja kumchukua Faraja, na keni wakairudisha gereji. Ng'ombe alikuwa mzito kwa mimba, anatembea taratibu, na binti yake Enesi, Yusta, alimfuata mpaka barabarani ameshika majani mkononi, anamwita. Mimi nilikuwepo. Nilimshika Enesi bega. Nilikuwa na uso wa kumshika bega!

Fundi alirudi amekonda. Hakuuliza habari za fedha wala za wateja, aliuliza kwa nini keni ya Mahongole imerudishwa gereji. Nikamweleza nusu. Akaichukua, akapitisha ukucha mara moja tu.

"Hii hukuinusa."

"Msasa uliisha, Fundi."

"Ungesema umeisha."

"Walikuwa na mgeni."

"Mama Neema." Hakupandisha sauti, na mimi nilikuwa namwomba Mungu aipandishe. "Keni nitaitengeneza mimi. Maneno katengeneze wewe."

Nikaenda Mahongole. Nilimkuta mwenyekiti anapukuchua mahindi, nikamwambia yote bila kuficha. Akanisikiliza, mikono yake haikusimama. Mwisho akasema, "Mama, ng'ombe ameshazaa huko alikohamia, na ndama jike ameshaandikiwa mtu. Nikianza kufukua hili, kikundi kinavunjika. Wewe umeshasema, Mungu amesikia. Nenda tu nyumbani."

Nilifurahi. Nilimshukuru mpaka nikapiga goti kidogo, nikarudi mwepesi.

"Nimesema," nikamwambia Fundi.

"Umemwambia nani?"

"Mwenyekiti."

Akachukua kipande cha msasa, akakikunja mara mbili. "Kwani ng'ombe alikuwa wa mwenyekiti?"

Nilisema nitakwenda kwa Enesi Jumapili. Jumapili nikasema nitakwenda baada ya kuvuna. Wakati navuna, Enesi na mumewe walifunga mizigo wakahamia Ipelele kulima viazi na pareto. Hakuja kuniaga. Nilijiambia Ipelele ni mbali. Si mbali. Ni Makete, watu wanakwenda na kurudi.

Gereji iliendelea miaka kadhaa. Baadaye madumu ya plastiki yakaingia na ndoo zilizokuwa za rangi ya nyumba, watu wakaona keni ni nzito. Nilipinga sana. Plastiki inakwaruzika kwa macho tu, na mkwaruzo wake huutoi kwa msasa, unautupa na dumu lake. Hakuna aliyenisikiliza, kwa kuwa dumu ni jepesi na linafungwa kwenye baiskeli. Siku hizi naona zinakuja keni za kukandamizwa kwa mashine, hazina mshono hata mmoja. Nilipoiona ya kwanza niliingiza mkono dukani, muuzaji akadhani naiba. Ni kazi nzuri. Fundi angeipenda. Yeye kifua kilimrudisha Tanga kwenye joto, na huko ndiko alikozikwa.

Niliposikia amefariki ndipo nilipanda gari kwenda Ipelele. Si jambo la kujisifu, nilikuwa nimeshakuwa bibi.

Enesi alinikuta mlangoni kwake kwenye ukungu. "Kamwene, dada." Akanikaribisha jikoni, akaendelea kumenya viazi. Nikamwambia. Nilianzia kwenye msasa ulioisha nikafika kwenye kikao, sikuruka namba.

Alimenya viazi viwili kabla hajasema.

"Mchanga ulikuwa wa mtoni au wa barabarani?"

"Wa mtoni."

"Mimi nilitumia wa barabarani. Ni mkali zaidi." Akatupa kiazi kwenye maji. "Nilimchapa Yusta kwa ajili ya keni ile. Nilidhani nikienda shamba yeye haoshi sawasawa. Nilimchapa mara nyingi, dada, na alikuwa ananiapia kwamba ameosha."

Niliokota maganda yaliyoanguka miguuni pake.

"Ng'ombe nilishamsahau," akasema. "Hilo la Yusta kamwambie mwenyewe. Mimi siwezi kulipokea kwa niaba yake. Kunywa chai, gari linaondoka."

Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe. Chai ilikuwa na maziwa, nikainywa yote.

Yusta anaishi Songea, ana watoto. Nilimpigia simu, nikamweleza yote. Akasema, "Mama mkubwa, mimi vikombe naviosha mara tatu mpaka leo. Mume wangu ananicheka, anasema nimerogwa. Kumbe." Akasema kumbe tu, akaniambia mtoto analia, akakata.

Basi vijana, kazi nimewapa. Anza na msasa mkubwa, wa themanini, usiruke namba. Shusha mkono, usizungushe. Pima kwa ukucha, kwa pamba, kwa pua. Na siku msasa ukiisha, sema umeisha, kwa sababu mkwaruzo wa kwenye chuma nimeuondoa mara nyingi sana, na ule mwingine nimezeeka nao.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni la mwaka huu. Nilikuwa nimekaa uani naota jua, wajukuu wanaosha vyombo. Mmoja akafungua chupa ya chai iliyokaa na maziwa siku mbili, akaziba pua, akapiga kelele: "Weee! Inanuka kama keni ya Enesi!" Wenzake wakaanguka kwa kicheko.

Nikamwita. "Hilo neno umelitoa wapi?"

"Si watu wote wanasema hivyo, bibi? Hata shuleni. Kitu kikiwa kichafu ni keni ya Enesi."

"Na Enesi ni nani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema labda ni mzungu wa zamani. Mwingine akasema si mtu, ni msemo tu.

Nilimtuma mkubwa wao akamwite baba yake shambani. Nikamwita na mkwe wangu aliyekuwa anafua, nikataka aje na povu mikononi hivyo hivyo. Walipotimia wote uani, wakubwa kwa wadogo, nikasimama. Nikawaeleza Enesi ni nani kwangu na nilimfanya nini. Mwanangu alitaka kunikatiza, akasema, "Mama, haya ya zamani si lazima watoto…" Nikamwambia anyamaze.

Kisha nikawapa amri, na mpaka leo inafuatwa: "Kuanzia sasa, chombo kikinuka ndani ya nyumba hii, mtasema kinanuka kama keni ya bibi. Nje ya nyumba hii, mkimsikia mtu anasema la Enesi, mtamsimamisha hapo hapo, hata kama ni mwalimu, mtamtajia jina langu lote na mtaa ninaokaa. Asipoamini, mleteni kwangu."